Dinacharya na ritucharya: ratiba ya siku na ya misimu sita, ikipimwa kwa njaa

Kabla ya mswaki, kabla ya maji, kabla ya mafuta, kazi ya kwanza ya asubuhi katika Ayurveda, tiba ya kale ya India, ni swali moja: chakula cha jana usiku kimeshuka, au bado kiko tumboni? Maandishi ya kale ya India yanaliweka swali hilo palepale yanapotaja saa ya kuamka. Walimu wengi wa siku hizi huliruka ili wafike haraka kwenye mafuta ya ufuta na kikwangulio cha shaba, na hapo ndipo ratiba inapoharibika. Dinacharya (mwenendo wa siku) na ritucharya (mwenendo wa msimu) ziliandikwa kwa ajili ya svastha, mtu aliye na afya, na karibu kila hatua imekuja na orodha ya watu wasiopaswa kuifanya siku hiyo.

Jibu unalipata ndani ya dakika mbili. Ukicheua na kusikia ladha ya vitunguu vya jana, chakula hakijashuka. Choo kije chenyewe, bila kukaa ukijikamua. Mwili uwe mwepesi unaposhuka kitandani. Ulimi ukiwa na utando mwembamba unaotoka kwa kukwangua mara chache, hakuna neno. Utando mzito unaorudi baada ya saa moja ni dalili ya mabaki. Njaa nayo ina namna mbili: ya kweli hukubali chakula chochote, lakini ile inayotaka kitu kimoja tu chenye sukari au chumvi ni hamu, si njaa.

Dalili zote zikiwa nzuri, fanya ratiba nzima. Mbili zikiwa mbaya, acha mafuta ya mwili, acha mazoezi, acha kifungua kinywa. Kunywa ml 200 za maji yaliyochemshwa na vipande viwili vitatu vya tangawizi, kisha subiri njaa ije. Ikija saa 5 asubuhi, kula saa 5. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asiruke mlo kwa ushauri huu. Yeye afuate ratiba ya daktari wake. Nguvu ya kumeng'enya inaitwa agni, moto, na yote yanayofuata, ya siku na ya msimu, ni namna ya kuutunza moto huo usizimike wala usiunguze sufuria.

Saa ya kuamka

Siku ya Kihindi ya kale ina muhurta 30, kila moja dakika 48. Brahma muhurta, inayosifiwa kwa kuamka, huanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza na kwisha dakika 48 kabla. Kwa hiyo haina saa moja ya mwaka mzima. Delhi, katikati ya Juni, jua huchomoza karibu saa 11:25 alfajiri, na muda huo huanza saa 9:49 usiku. Katikati ya Januari jua huchomoza karibu saa 1:15 asubuhi, nao huanza saa 11:39 alfajiri. Kengele iliyowekwa saa 10 kamili kila siku haifuati kanuni hii, hata mwenye nayo akiamini anaifuata.

Anayelala saa 6 usiku asianzie hapa. Aanze kwa kuvuta saa ya kulala nyuma kwa dakika 15 kila siku tatu nne, mpaka apate saa 7 za usingizi kabla ya kengele. Watoto, wazee, wagonjwa, wajawazito na wote waliojibu vibaya lile swali la kwanza waendelee kulala.

Kinywa, pua na macho

Kijiti cha mswaki kinachotajwa kina urefu wa vidole 12 vilivyopangwa kwa upana na unene wa ncha ya kidole kidogo. Miti yake ni yenye ladha chungu, kali au ya kukausha ulimi: mwarobaini, khadira, karanja. Tafuna ncha mpaka iwe nyuzi laini, kisha piga jino moja moja bila kugusa ufizi. Kosa la kawaida ni kutumia nyuzi ngumu za kijiti kilichokauka; loweka ncha kwenye maji kwa dakika 10 kwanza. Mwenye vidonda vya kinywa, homa, kikohozi kikali au kutapika anaambiwa asikitumie. Kijiti hakina floridi, kwa hiyo brashi na dawa ya meno vibaki mahali pake angalau mara moja kwa siku, hasa usiku.

Kikwangulio cha ulimi kiwe cha kupinda, kisicho na makali. Vya kale vilitengenezwa kwa dhahabu, fedha, shaba, bati au shaba nyeupe. Anzia nyuma kadiri unavyoweza bila kutapika, vuta mbele mara 5 hadi 7, suuza kila mara. Ulimi ukichonyota unapokunywa kitu cha moto, umebonyeza mno.

Kisha mafuta kinywani. Kavala ni kusukutua. Gandusha ni kujaza kinywa na kutulia bila kusukasuka. Kwa anayeanza, kavala inatosha: ml 10 za mafuta ya ufuta, dakika 3 hadi 5, mpaka yawe mepesi na meupe kwa mate. Tema kwenye pipa la taka, si kwenye sinki, kwa maana mafuta huganda bombani. Usimeze. Habari za kukaa nayo dakika 20 huwaletea watu maumivu ya taya kuliko faida, na watoto wasiojua kutema vizuri wasiguse kabisa.

Mafuta ya puani ya kila siku, pratimarsha nasya, ni matone 2 kila tundu. Neno ni matone 2, si kitonea kizima. Laza kichwa nyuma kidogo, dondosha, vuta pumzi kwa upole, na kinachofika kooni ukiteme. Mafuta yakiingia mapafuni mara kwa mara husababisha aina ya nimonia isiyoponywa kwa antibiotiki. Ndiyo sababu wenye shida ya kumeza, watoto wadogo na wazee dhaifu wasifanye. Usifanye pia ukiwa na mafua, mara baada ya kula, au ukiwa umeosha kichwa sasa hivi.

Kuhusu macho, maandishi yanaagiza wanja kila siku. Hapa tunashauri kuacha. Wanja na surma nyingi za kienyeji zina risasi, na risasi huingia mwilini mwa mtoto kwa njia ya mikono na mdomo. Maji safi yanatosha.

Mafuta ya mwili

Abhyanga ndiyo hatua inayopendwa kuliko zote na inayokosewa kuliko zote. Kosa la kwanza hufanyika dukani: mafuta ya kahawia yenye harufu nzito ni ya ufuta uliokaangwa, nayo ni ya jikoni. Ya kupaka ni ya ufuta usiokaangwa, yana rangi ya manjano hafifu na hayanuki sana. Mara ya kwanza paka kidogo ndani ya mkono na usubiri siku nzima, kwani wapo ambao ngozi yao haiutaki ufuta.

Kiasi ni ml 30 hadi 60 kwa mtu mzima. Weka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto kwa dakika 5. Usiyapashe juu ya jiko: mafuta hayatokoti kama maji kukupa onyo, utajua yamezidi moto yakiwa tayari kwenye ngozi. Jaribu tone moja kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani. Halafu utosi, masikio, mikono, mgongo kadiri unavyoufikia, tumbo, miguu, na nyayo mwisho. Kwenye mifupa mirefu mkono uende na kurudi. Kwenye viungo uzunguke. Tumboni uzunguke kuelekea mshale wa saa unakokwenda, maana ndiyo njia ya utumbo mpana. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Siku ya haraka, paka sehemu tatu tu: kichwa, masikio na nyayo. Maandishi yenyewe yanazitaja hizo kuwa za kupewa umuhimu, kwa hiyo si ujanja wa mvivu.

Baada ya kujipaka ndipo mazoezi, kisha kujisugua unga, kisha kuoga. Wengi hugeuza mpangilio huu kwa kudhani mafuta ni losheni ya baada ya kuoga.

Nani asipake? Mwenye mafua au kikohozi chenye makohozi mengi, mwenye homa, mwenye chakula kisichoshuka, na aliyetoka kusafishwa tumbo kwa dawa. Ongeza hapo vidonda vyenye usaha, na mguu mmoja uliovimba na kuuma: huo usiukande hata kidogo, huenda una damu iliyoganda, peleka kwa daktari.

Ufuta unafaa vipindi vya baridi na ngozi kavu. Mafuta ya nazi ni ya vipindi vya joto, na Kerala ndiyo ya kawaida. Haradali hutumiwa kaskazini na mashariki mwa India wakati wa baridi, ila ngozi ya mtoto mchanga hudhoofishwa nayo, hata kama bibi zote wanaipenda.

Mambo mawili ambayo vitabu havikuyaona. Sakafu ya bafu yenye mafuta imevunja nyonga nyingi, basi weka mkeka wa mpira na sugua mafuta yaliyozidi kwa vijiko 2 vikubwa vya unga wa dengu kabla ya kumwaga maji. Na taulo: taulo zenye mafuta zikitoka kwenye kikaushio zikiwa moto, zikakunjwa na kurundikwa, zinaweza kujiwasha zenyewe. Zifue kwa maji ya moto na sabuni nyingi, uzianike zimetandazwa.

Mazoezi, maji ya kuoga na mlo

Kipimo cha mazoezi ni ardhashakti, nusu ya nguvu. Nusu hiyo ina alama: jasho limetokea kwenye paji la uso, pua na kwapa, na kinywa kimeanza kukauka kwa sababu unapumulia mdomoni. Hapo simama. Hiyo ni ya misimu ya baridi na ya kuchipua kwa majani. Misimu mingine, chini ya hapo.

Maji ya moto yaishie shingoni. Kichwani yawe vuguvugu au baridi, kwa kuwa moto hudhoofisha nywele na macho kwa maelezo ya maandishi. Usioge mara baada ya kula.

Mlo mkubwa ni wa mchana, kati ya saa 6 na saa 7. Wa jioni uwe mdogo, muda wa saa 3 kabla ya kulala. Gawa tumbo mafungu manne: mawili chakula kigumu, moja kimiminika, moja tupu. Maji ukiyanywa kabla ya mlo hukukondesha, katikati hukuweka sawa, mwishoni hukunenepesha, ndivyo wanavyosema. Kwa vitendo, kunywa kidogo kidogo katikati ya mlo, jumla kikombe kimoja. Mtindi usiku haufai, wala usipashwe moto. Mchana unaweza kunywa takra: mtindi sehemu 1, maji sehemu 3 hadi 4, upige mpaka siagi ijitenge uitoe, tia bizari nyembamba iliyokaangwa na chumvi ya mawe. Asali isichemshwe, na isichanganywe na samli kwa uzito sawa.

Usiku, paka nyayo mafuta kijiko kimoja cha chai na uvae soksi kuukuu, usije ukateleza ukienda chooni.

Viko pia vitu 13 visivyozuiwa vinapokuja: upepo wa tumboni, choo, mkojo, chafya, kiu, njaa, usingizi, kikohozi, kuhema baada ya kazi, miayo, machozi, kutapika na shahawa. Watu hukumbuka nusu ya kwanza ya kanuni na kusahau ya pili: visilazimishwe pia visipokuja. Anayekaa chooni nusu saa akijikamua amevunja kanuni sawa na anayejizuia safarini.

Misimu sita

Ayurveda inaugawa mwaka wa India misimu sita, ya miezi miwili miwili. Nusu ya kwanza jua huenda kaskazini na kunyonya nguvu: Shishira (katikati ya Januari hadi katikati ya Machi), Vasanta (Machi hadi Mei), Grishma (Mei hadi Julai). Nusu ya pili nguvu hurudi: Varsha (Julai hadi Septemba), Sharad (Septemba hadi Novemba), Hemanta (Novemba hadi Januari). Tarehe ni za uwanda wa kaskazini na kati. Chennai hupata mvua nyingi Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo mwenyeji wa huko akifuata kalenda ya Delhi atakula vyakula vya kupoza joto kali huku maji yamejaa barabarani. Tazama anga na tumbo lako kwanza, kalenda baadaye.

Mwilini kuna dosha tatu: vata, yenye ukavu na mwendo, pitta, yenye joto na ukali, kapha, yenye ubaridi, uzito na ute. Kila moja hujikusanya msimu mmoja na kufumka unaofuata. Kapha huganda wakati wa baridi na kuyeyuka Vasanta. Vata hukusanyika Grishma na kufumka Varsha. Pitta hukusanyika Varsha na kufumka Sharad. Faida ya kujua hili ni kwamba unachokula leo ni kinga ya miezi miwili ijayo. Anayesubiri mafua ya Machi ndipo aache pipi za ufuta amechelewa.

Hemanta ni msimu wa kula. Moto wa tumbo umefungiwa ndani na baridi ya nje, una nguvu, na usipopewa kuni nzito huanza kula mwili wenyewe. Ngano, choroko nyeusi, maziwa, samli, sukari guru, nyama kwa wanaokula. Maji ya kunywa yawe ya moto. Huu ndio msimu wa mazoezi ya kutosha na mafuta mengi. Anayejinyima chakula Desemba ili apungue amechagua mwezi mbaya kuliko yote. Shishira ni vivyo hivyo, ila baridi imezidi na kuna ukavu: ongeza uwele na ufuta. Tarehe 14 Januari, sikukuu ya Makar Sankranti, Wamaharashtra hupeana tilgul, ufuta na sukari guru. Chyawanprash, jemu ya tunda la amla na mitishamba, kijiko kimoja asubuhi inafaa hapa, lakini zaidi ya nusu yake ni sukari kwenye chapa nyingi, mwenye kisukari aiache.

Vasanta ndiyo msimu wa kubana. Kapha iliyoganda inayeyuka, inazima moto: kifua kizito, mafua, usingizi wa mchana, uvivu wa tumbo. Toa vitamu, vichachu, vya mafuta na mtindi. Weka shayiri kuukuu, asali, choroko, mboga chungu. Kulala mchana ni marufuku. Siku ya Gudi Padwa, mwaka mpya wao, watu wa Maharashtra hutafuna majani ya mwarobaini na sukari guru, na Bengal hukaanga majani hayo machanga pamoja na bilinganya. Mila imeshika kanuni kuliko madaktari wengi. Mafuta ya mwili yapungue mpaka mara moja au mbili kwa wiki, na mahali pake pachukuliwe na udvartana: gramu 50 za unga wa dengu na kijiko cha chai cha manjano, sugua ngozi kavu kutoka chini kwenda juu, kinyume cha vinyweleo, dakika 10. Ngozi iwe ya joto na nyekundu kidogo. Ikichubuka, unga ni mkavu mno au mkono mzito; nyunyiza maji kidogo. Wenye ngozi kavu au pumu ya ngozi waiache.

Grishma, joto la nyuzi 40 na zaidi: mazoezi karibu yaondoke, chumvi, uchachu na pilipili vipungue, vitamu na vya majimaji viongezeke. Ni msimu pekee ambao mtu mwenye afya anaruhusiwa kulala mchana. Kinywaji chake ni sattu, unga wa shayiri au dengu zilizokaangwa: vijiko 3 vikubwa, ml 300 za maji baridi ya mtungi, sukari kidogo. Tia maji kidogo kwanza ukoroge uji mzito, kisha ongeza mengine, bila hivyo unga hutengeneza madonge yasiyovunjika. Aliyechanganyikiwa, anayeweweseka au ngozi yake inawaka kwa moto hahitaji sattu. Apozwe kwa maji na akimbizwe hospitali.

Varsha huwatia watu makosani kwa sababu mvua huleta faraja na njaa ya vitu vya kukaanga. Moto wa tumbo sasa ndio dhaifu kuliko mwaka mzima, maji yana matope, na vata inafumka. Sattu ya baridi iliyokufaa Juni sasa ni marufuku kwa jina. Usinywe maji ya mto. Maji yote yachemke kabisa kwa dakika moja kamili. Nafaka iwe kuukuu, ya mwaka jana, maana mpya ni nzito. Uchachu na chumvi vinaruhusiwa kidogo ili kuamsha tumbo, na asali pia kidogo. Mboga za majani hupunguzwa, na sababu utaiona ukiziosha: udongo na vijidudu vya maji ya mafuriko.

Chakula cha msingi ni khichdi. Mchele nusu kikombe, choroko zilizopasuliwa nusu kikombe; osha mpaka maji yawe safi, loweka choroko dakika 30. Pasha kijiko kikubwa cha samli, tia kijiko cha chai cha bizari nyembamba, ikipasuka tia mvuje kiasi cha ncha ya kisu, tangawizi iliyopondwa na nusu kijiko cha manjano. Mvuje ukitangulia bizari huungua na kuwa mchungu. Tia nafaka, geuza dakika 2, maji vikombe 5, pika dakika 30 mpaka punje zisitambulikane. Chumvi mwisho. Khichdi inayoshikilia umbo kwenye sahani ni ya Hemanta. Ya Varsha hutiririka.

Huko Kerala mwezi wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, ndio wa matibabu na uji wa dawa: mchele wa njavara, uwatu, tui la nazi na mitishamba. Bila dawa ya daktari, mchele, uwatu kijiko cha chai na tui vinatosha.

Sharad jua hurudi ghafla juu ya mwili uliozoea unyevu, na pitta inafumka: kiungulia, vipele, kuhara, macho mekundu. Chungu, tamu na ya kukausha ulimi ndizo ladha zake: mchele, choroko, amla, sukari, samli iliyopikwa na mitishamba michungu. Acha mtindi, mafuta, vya kukaanga, usingizi wa mchana na kukaa juani. Maji yaliyopigwa na jua mchana na mwezi usiku huitwa hamsodaka. Kwenye mbalamwezi ya Sharad Purnima watu huacha kheer, wali wa maziwa, nje usiku kucha. Ladha ya mila isikusahaulishe kwamba maziwa yakikaa muda wa saa 8 kwenye joto la Oktoba huchacha: yaweke nje saa moja, yamefunikwa kwa kitambaa chepesi, kisha yaingie ndani.

Kuvuka kutoka msimu hadi msimu

Siku 7 za mwisho za msimu na 7 za kwanza za unaofuata huitwa ritusandhi. Mazoea ya zamani yaachwe na mapya yaingie polepole, kwa robo. Chukua anayekula chapati 4 za ngano na anataka kuingia Vasanta kwa shayiri. Siku ya 1, ngano 3 na shayiri 1. Siku ya 2 na ya 3, mbili kwa mbili. Siku ya 4 hadi ya 6, ngano 1 na shayiri 3. Siku ya 7, shayiri zote. Tumbo likijaa gesi, rudi hatua moja na ukae hapo siku mbili. Anayebadilisha mlo wote Jumatatu moja hupata ugonjwa uleule aliokuwa akiukimbia, kisha huulaumu msimu. Hata kahawa na usingizi wa mchana huachwa kwa robo hizi.

Kuna pia haritaki ya misimu, unga wa tunda moja unaobadilishiwa mwenzake: Varsha na chumvi ya mawe, Sharad na sukari, Hemanta na tangawizi kavu, Shishira na pilipili ndefu, Vasanta na asali, Grishma na sukari guru. Anza na gramu 3 mara moja kwa siku. Choo kikiwa cha maji, punguza nusu. Mjamzito, aliyekonda, aliyefunga, aliyechoka kwa safari au anayeharisha asiiguse.

Usafishaji mkubwa, yaani kutapishwa Vasanta, enema za dawa Varsha na kuharishwa Sharad, haufanywi nyumbani. Unahitaji daktari mwenye BAMS, shahada ya tiba ya Ayurveda, ya miaka 5 na nusu pamoja na mafunzo kazini, aliyesajiliwa. Kunywa maji ya chumvi lita nzima ukatapika bafuni si vamana, yaani kutapishwa kwa tiba. Ni njia ya kuvuruga chumvi za damu. Ratiba hii pia haichukui nafasi ya chanjo wala vidonge vya presha.

Na dawa za chupa zitazame mara mbili. Mwaka 2008 utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA ulipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na takriban moja ya tano zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Hatari zaidi ni zile za kundi la rasa, ambazo metali hutiwa kwa makusudi. Soma lebo: ukikuta neno bhasma, rasa, parada au sindura, irudishe rafuni. Kwa ratiba ya kila siku vinatosha ufuta, tangawizi, choroko na samli.